Shingo Tatu za Gauni la Mkunga

Kila asubuhi nyumba ya Mama Pindo huamka na kelele. Cherehani mbili hulia sebuleni. Birika hulia jikoni. Na Mama Pindo mwenyewe hulia na watu wake. Nani kachukua chaki? Nani kaacha pini kwenye kiti? Nani kakata karatasi kwa mkasi wa kitambaa? Swali hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Mkasi wa kitambaa ukikata karatasi huwa butu, na siku hiyo hakuna anayekunywa chai kwa amani.

Watu wenyewe si wengi. Kuna mumewe, Fundi Saa, ambaye ana meza ndogo dirishani na hutengeneza saa za watu kimya kimya. Kuna wifi yake, dada wa Fundi Saa, ambaye hushona vifungo na kupiga pasi, na ambaye kimya hakijui hata kwa salamu. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo lake halifumuki.

Na kwa miezi mitano sasa, kuna kompyuta.

Mama Pindo aliinunua ikiwa imetumika. Siku hizi wateja wengi huchagua mishono kwenye mtandao, na walio mbali hupiga simu ya video. Muuzaji alimfundisha mambo mawili tu: namna ya kuiwasha, na namna ya kupiga picha ya kile kinachoonekana kwenye skrini.

"Shika kitufe hiki chenye alama ya dirisha," alisema muuzaji. "Ukiwa umekishika, bonyeza hiki kilichoandikwa PrtSc. Basi. Picha imepigwa."

Imepigwa, sawa. Imeenda wapi? Muuzaji hakusema, na Mama Pindo hakuuliza. Kila alipobonyeza, skrini ilififia mara moja, kisha ikarudi kama kawaida. Picha haikuonekana popote. Mama Pindo aliamini kwamba umeme umeyumba. Kwa hiyo alibonyeza tena. Na tena. Kwa miezi mitano alibonyeza huku akimlaani muuzaji kimoyomoyo.

Mwishowe alibuni njia yake. Alichukua karatasi nyepesi ya kuchorea mishono, akaibandika juu ya skrini kwa utepe wa gundi, akafuatisha mistari kwa penseli. Shingo akaipata. Mikono akaipata. Skrini nayo ikapata mikwaruzo.

"Mke wangu, hiyo si dirisha la kufuta," alisema Fundi Saa.

"Wewe shughulika na saa zako," alijibiwa.

Jumatatu moja alikuja Mkunga.

Hakuna asiyemjua Mkunga katika mtaa ule. Nusu ya watoto wa mtaa walipokewa na mikono yake, wakiwemo wote wawili wa Mama Pindo, ambao sasa wana makwao. Sasa alikuwa anastaafu, na Ijumaa wenzake wangemuaga kazini. Alikuja na kitambaa cha buluu kilichokunjwa ndani ya karatasi.

"Hiki alininunulia marehemu mama yangu, siku nilipoanza kazi," alisema. "Aliniambia, 'Kishone siku ukimaliza.' Nimekitunza miaka thelathini na mbili. Hakuna kingine, dada. Kilitengenezwa zamani, na duka lenyewe halipo tena."

Mama Pindo alikipima. Kilitosha gauni moja. Hakikubaki hata cha kufunika kifungo.

Mkunga ana binti mmoja, mpima ardhi. Binti ndiye aliyeahidi kumchorea mama yake gauni. Saa kumi jioni alipiga simu ya video, michoro mkononi. Alikuwa na haraka. Gari la kazini lilikuwa linamsubiri, na kambi anayokwenda haina mtandao kwa wiki mbili.

"Huu wa kwanza," alisema binti, akiinua karatasi mbele ya kamera.

"Shingo imechongoka mno," alisema Mkunga. "Nitafanana na bahasha."

"Basi huu."

"Mwanangu, huo ni wa wasichana."

Walipofika mchoro wa tatu, ule Mkunga alioukubali, Mama Pindo alikuwa tayari amebandika karatasi yake kwenye skrini tangu ule wa kwanza, na penseli ilikuwa mbioni. "Usitikisike!" alimpigia kelele binti wa watu. Mkono wa kulia ulichora. Mkono wa kushoto ulibonyeza vile vitufe viwili, kwa mazoea tu. Skrini ikafifia. "Umeme nao!" alisema. Kisha simu ikakatika, na binti akaenda zake kambini.

Sasa twende Jumatano.

Mama Pindo alikuwa amepiga magoti sakafuni. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimetandazwa, karatasi ya mchoro juu yake, pini mdomoni, mkasi mkononi. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mkunga, aliyepita kuona kazi imefika wapi. Aliitazama karatasi. Akainama. Akaitazama tena.

"Dada," alisema polepole, "hiyo ni shingo ya nani?"

"Yako."

"Yangu ni ya duara. Hiyo upande mmoja imechongoka, upande wa pili inazunguka. Mimi nina shingo moja, dada. Ulinishonea mbili?"

Mama Pindo alitoa pini mdomoni, moja moja. Aliitazama karatasi yake. Ilikuwa kweli. Upande wa kushoto aliufuatisha kwenye mchoro wa kwanza, ule uliokataliwa. Upande wa kulia aliufuatisha kwenye mchoro wa mwisho.

"Si duara," alidakia wifi kutoka kwenye pasi. "Ilikuwa ya mraba. Niliporudi na uzi niliona pembe kwa macho yangu haya."

"Pembe?" alisema Mkunga. "Mimi nivae pembe?"

"Nilikuwa nyuma yenu. Niliona pembe nne."

"Wifi, ulikuwa mlangoni na miwani huna!"

"Na wewe ulikuwa na miwani ukachora shingo mbili!"

Fundi Saa aliinua kichwa mezani kwake. "Mimi shingo sikuiona," alisema. "Ila nakumbuka kulikuwa na kitu hapa." Aligusa kifua chake, upande wa kushoto.

"Kitu gani?" aliuliza mkewe.

"Kitu tu. Kidogo."

"Kitu tu! Nikate kitambaa cha miaka thelathini na mbili kwa 'kitu tu'? Nyamaza, baba, nakuomba."

Fundi Saa alirudi kwenye saa zake. Amezoea.

Mama Pindo alikaa sakafuni akauweka mkasi chini. Watu wanne, macho manane, na hakuna aliyejua gauni linafananaje. Binti hapatikani. Ijumaa ni kesho kutwa. Akikata vibaya, maji yakimwagika hayazoleki. Mkunga alipitisha kiganja juu ya kitambaa, mara moja, kisha akaondoa mkono. Afadhali angepiga kelele.

"Si ulipiga picha?" aliuliza Mkunga. "Nilikuona unabonyeza."

"Nilibonyeza. Hii mashine haipigi picha. Inafifia tu. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Muite Bi Masjala," alisema Fundi Saa.

Bi Masjala ni jirani wa mlango wa pili. Alifanya kazi masjala, kule ofisini kunakotunzwa mafaili, mpaka akastaafu. Nyumbani kwake kila kopo lina karatasi iliyoandikwa jina na tarehe. Hata chumvi. Mwezi uliopita Mama Pindo alimcheka mbele za watu. Alimuuliza kama mumewe naye amembandikia tarehe. Bi Masjala alicheka pia, lakini tangu siku ile hajaja kuomba hata sindano.

"Siwezi," alisema Mama Pindo.

"Basi kata," alisema mumewe.

Mama Pindo alikitazama kitambaa. Akainuka, akajifuta magoti, akatoka. Kuuliza si ujinga, lakini siku nyingine huuma kuliko sindano.

Bi Masjala alikuja na miwani yake shingoni na daftari kwapani. Alisikiliza habari yote. Hakumkumbusha mtu utani wa chumvi. Aliketi mbele ya kompyuta, akaona mikwaruzo, akafumba macho kidogo.

"Nani kachora juu ya kioo?"

"Jirani, tuanze na picha," alisema Mama Pindo.

"Haya. Nionyeshe unavyobonyeza."

Mama Pindo alishika kitufe cha dirisha, akabonyeza PrtSc. Skrini ikafifia, ikarudi.

"Umeona? Umeme."

"Si umeme, bibie. Ndivyo inavyokuambia kwamba imepiga. Sikiliza vizuri. Kitufe cha PrtSc peke yake, kwenye kompyuta nyingi, hunakili tu. Picha inakuwa haijawekwa popote. Inasubiri. Lazima ufungue barua au mahali pa kuchorea, ubonyeze Ctrl na V pamoja, ndipo iingie, kisha uihifadhi. Ukinakili picha nyingine kabla ya hapo, ile ya kwanza imekwenda. Kompyuta hazifanani, zipo zinazofanya vingine, kwa hiyo jaribu yako uone. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Ni sawa na kushika kitambaa mkononi bila kukiweka kabatini."

"Hasa. Lakini ukishika kitufe cha dirisha na PrtSc pamoja, picha ya skrini nzima inahifadhiwa papo hapo. Umekuwa ukipiga picha siku zote. Tatizo lako ni kwamba hukuwahi kufungua kabati."

Alibofya folda ya njano chini ya skrini. Ndani yake alibofya iliyoandikwa Picha. Ndani ya hiyo kulikuwa na folda nyingine: Picha za Skrini. Aliifungua.

Mama Pindo alishika kichwa.

Picha zilijaa skrini nzima. Bi Masjala alishusha kwa kipanya, akashusha, akashusha, na bado ziliendelea. Chini kabisa paliandikwa idadi. Mia nne thelathini na nane.

"Miezi mitano," alisema Bi Masjala kwa sauti ndogo. "Mia nne thelathini na nane. Na zote zina jina moja! Picha ya skrini, moja. Picha ya skrini, mbili. Picha ya skrini, mia tatu na kumi. Jirani, ningekuwa bado kazini ningeomba likizo."

"Hii ni nini?" aliuliza Mkunga, akisogea.

Ilikuwa picha ya mikono ya blauzi. Iliyofuata ilikuwa ileile. Kumi na nane zilizofuata zilikuwa ileile. Kisha zikaja picha nyingi za Mama Pindo mwenyewe, amekunja uso, akiitazama kamera kwa hasira, kwa sababu alikuwa akibonyeza katikati ya simu za video. Wifi alicheka mpaka akaacha pasi juu ya shati.

"Pasi!" walipiga kelele wote.

Shati lilinusurika. Subira ya Mama Pindo haikunusurika. "Tutatafuta mpaka lini? Gauni la Ijumaa!"

"Hatutafuti moja moja," alisema Bi Masjala. "Tunazipanga. Bofya hapa penye kupanga, uchague tarehe. Sasa za karibuni zinakuja juu. Mlipigiwa simu lini?"

"Jumatatu, saa kumi."

Mama Pindo alichukua kipanya mwenyewe. Picha za Jumatatu zilikuwa arobaini na sita. Alisoma saa zilizoandikwa pembeni, akafika kwenye kumi na dakika kumi na mbili, akafungua kwa pupa. Ilikuwa picha ya vifungo. Akafungua iliyofuata. Vifungo tena.

"Haipo," alisema. "Nilijua. Vifungo imepiga, gauni la mtu imeacha. Mashine gani hii? Mashine gani?"

Mkunga alianza kukunja kitambaa chake, polepole, kwa mikunjo yake ya zamani.

"Ngoja, dada," alisema Fundi Saa. Aliacha saa ya mtu mezani, jambo ambalo halifanyi hata nyumba ikiungua, akaja nyuma ya mkewe. "Mke wangu, hiyo ni kumi ya kompyuta. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Hiyo kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi, ulipokuwa unatafuta vifungo. Saa kumi yetu ya jioni yeye anaiandika kumi na sita. Kompyuta nyingine huandika nne. Shuka kwenye kumi na sita."

"Kwa nini isiandike kumi kama watu?"

"Muulize aliyeitengeneza. Shuka."

Mama Pindo alirekebisha, akafika kumi na sita na dakika saba. Akabofya mara mbili.

Mchoro ukajaa skrini.

Ulikuwa mchoro wa tatu, wote, umetulia. Binti wa Mkunga alikuwa ameuchora kama anavyochora viwanja vya watu: mistari minyoofu, mishale, na vipimo kila mahali. Shingo ilikuwa ya duara, na mpasuo mfupi mbele uliofungwa kwa kifungo kimoja.

"Duara!" alisema Mkunga. "Nilisema duara. Mpasuo tu ndio nilisahau."

Lakini picha ilikuwa ya skrini nzima. Na skrini nzima ni nzima kweli. Chini pembeni kulikuwa na ujumbe wa wifi, uliojitokeza dakika ileile alipokuwa dukani kununua uzi. Mkunga ana macho ya kusoma vipimo kwenye chupa ndogo za dawa. Aliusoma kwa sauti.

"'Mkunga bado yupo? Ana maneno kama redio. Mpe shingo yoyote aende.'"

Wifi alianza kutafuta kitu chini ya meza ya pasi. Hakukuwa na kitu chini ya meza ya pasi.

"Wifi wa watu," alisema Mkunga, "wewe ulijifungua ukinipigia kelele mimi usiku kucha. Nani redio?"

"Dada, nisamehe. Lilikuwa jua kali."

"Jua kali," alirudia Mkunga. Alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka, na wote wakapumua.

"Hilo nalo ni somo," alisema Bi Masjala, ambaye hakucheka, kwa sababu alikuwa anaandika. "Picha ya skrini nzima inabeba kila kilichopo: ujumbe, majina, siri za watu. Kabla hujamtumia mtu, tazama pembe zote. Na kama unataka kipande tu, usipige nzima. Shika kitufe cha dirisha na Shift pamoja, kisha bonyeza herufi S."

Mama Pindo alifanya hivyo. Skrini ikaingia kivuli, na mshale ukageuka alama ya msalaba.

"Sasa anzia pembeni, buruta kipanya, zungushia unachokitaka. Ukiachia, umekata."

"Huu si mkasi huu?" alisema Mama Pindo. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikunjuka. "Miezi mitano nina mkasi humu ndani na sijui!"

"Na haukati karatasi," alisema mumewe.

Mama Pindo alizungushia mchoro peke yake, ujumbe wa wifi ukabaki nje. Kidirisha kidogo kikajitokeza pembeni. "Kibofye kabla hakijaondoka," alisema Bi Masjala. "Hapo utaona alama ya kuhifadhi. Usiamini kwamba imejihifadhi yenyewe. Hifadhi mwenyewe, ndipo ulale."

Kipande kilipofunguka, kilikuwa kikubwa na safi. Na ndipo Fundi Saa aliponyoosha kidole.

"Kile kitu," alisema. "Kile pale."

Upande wa kushoto wa kifua kulikuwa na mraba mdogo. Pembe nne.

"Pembe zangu!" alipiga kelele wifi.

Chini ya mraba kulikuwa na maandishi madogo mno, madogo kama yale yanayoandikwa kwenye ramani. Mama Pindo aliyakuza, akayasoma.

"'Mfuko. Sentimita sita kwa tano. Wa saa ya mama. Asiagwe bila saa yake.'"

Mkunga alishika kifua chake. Pale pale, juu ya blauzi, ilikuwepo saa yake ya kazini, ile inayoning'inizwa kichwa chini ili mvaaji aisome. Kwa saa ile alikuwa ameandika dakika ya kuzaliwa ya kila mtoto. Fundi Saa ameitengeneza mara tisa.

"Hakuniambia," alisema Mkunga. "Mtoto huyu hakuniambia." Akaketi kwenye kiti bila kuangalia kama kina pini, akalia.

Mama Pindo naye alilia, kwa hasira na kwa aibu. Karatasi yake ya penseli haikuwa na mfuko. Angekata gauni zima bila mfuko, na hakuna hata mmoja wao ambaye angejua.

"Haya, machozi baadaye," alisema Bi Masjala, akipangusa miwani yake mwenyewe. "Hatujamaliza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha hii inaitwaje?"

"Mkunga," alisema Mama Pindo.

"Mkunga yupi? Kazi ipi? Lini? Mwakani akija kushona lingine?"

Walibofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, wakachagua kubadilisha jina. Mama Pindo akaandika kwa kidole kimoja: Mkunga, gauni la kuagwa, na tarehe. Kisha wakafungua folda mpya, wakaiita Wateja. Ndani yake kila mteja akapata folda yake. Zile picha ishirini za mikono ya blauzi zikabaki moja. Nyuso za hasira zikafutwa zote, ingawa wifi aliomba moja ya kumbukumbu akakataliwa.

"Futa usichokihitaji siku hiyo hiyo," alisema Bi Masjala. "Usisubiri zifike mia nne. Na kila Jumamosi nakili folda ya Wateja kwenye flashi, uiweke kabatini. Kompyuta nayo hufa."

"Flashi niiandike nini?"

"Jina na tarehe," alisema Bi Masjala. Alimtazama Mama Pindo juu ya miwani. "Kama chumvi."

Mama Pindo aliinamisha kichwa. "Jirani, yale maneno ya siku ile..."

"Yapi? Sikuyahifadhi."

Mchana ule mkasi ulipita kwenye kitambaa cha buluu bila kusita. Alhamisi gauni lilishonwa. Ijumaa asubuhi Mkunga alilivaa mbele ya kioo cha sebuleni. Aliitoa saa kwenye blauzi ya kazi, akaitumbukiza mfukoni. Ilienea kama vile imepimwa, na ilikuwa imepimwa kweli. Akaenda kuagwa.

Wiki mbili baadaye binti alirudi kwenye mtandao. Alipiga simu ya video saa kumi, ile ya watu. Mkunga alikuja mbio akiwa amelivaa gauni, na sebule ikajaa.

"Mama, mfuko mliuona?" ndilo swali lake la kwanza. "Niliuandika chini kabisa. Kambini nilikuwa silali. Nilisema, kama fundi hakuuona, basi tena."

Mkunga alitoa saa mfukoni, akaiinua mbele ya kamera, karibu kabisa, mpaka binti yake akaona mshale wa sekunde ukitembea. Binti akafunika uso kwa mikono miwili.

"Tulieni hapo hapo!" alisema Mama Pindo. Mkono wake ulishaelekea kwenye vitufe, kisha ukasimama. Alitazama pembe zote nne za skrini. Akageuka.

"Wifi. Simu yako weka chini."

Wifi aliweka simu chini. Mama Pindo akashika vitufe vitatu, akazungushia mama na mwana na saa yao, akakata. Akakibofya kidirisha kabla hakijaondoka. Akahifadhi kwenye folda ya Mkunga, na kwa kidole kimoja, bila haraka, akaandika jina: Mkunga, gauni limekamilika, na saa yake.